Daftari la Chumba cha Uani

Kaa. Si kigoda hicho, hicho kinayumba,
na leo sitaki mtu aanguke kwangu.

Chumba ndicho ulichokiona: dirisha moja,
ukuta nimeupaka chokaa jana, bado inashika nguo,
usiegemee.
Kodi elfu arobaini, miezi mitatu kwa mkupuo.
Ila kabla ya kodi kuna daftari.

Usicheke, binti. Mwaka juzi nami nilicheka.
Alikuja Nampoto, kijana wa kiwanda cha saruji, mpole,
akasema, "Mama, tuaminiane,"
tukaaminiana.
Kisha shemeji yake akatoka Newala kuja kumsalimu,
usiku, umeme umekatika Chikongola nzima,
akakanyaga mfuniko wa chemba, pale nyuma ya mpapai.
Lilikuwa bati. Niliweka mimi,
nikasema nitamwaga zege nikivuna.

Nilivuna.
Minada mitatu ya korosho iliishia kwenye hogo
la mguu wa mtu ambaye jina lake kamili
nililisikia mara ya kwanza baraza la kata.
Wakaniuliza: bati ni la nani?
Shimo la nani?
Nani alijua?
Majibu yote yalikuwa mimi.
Kuaminiana hakukuitwa kutoa ushahidi.

Tangu hapo naiogopa nyumba yangu
kama mbwa aliyewahi kumng'ata mgeni:
unamlisha, unampenda,
kamba humfungui.

Korosho yenyewe siku hizi hailali ghalani bila stakabadhi,
seuze mtu.

Basi andika, wewe mkono wako ni wa shule.
Andika: chemba ina mfuniko wa zege,
mpangaji ameuona na ameukanyaga.
Nenda ukaukanyage kwanza. Ruka. Ruka tena.
Haya.
Andika: mlango wa nyuma una vidato vitatu,
cha kati kifupi kuliko wenzake.
Jiko la mkaa halilali chumbani, hata masika.
Mgeni wa kulala nimjue kwa jina lake, la baba na la babu.
Uraka hauuzwi uani kwangu msimu wowote,
mlevi haulizi mfuniko uko wapi.
Na picha tumepiga kwa simu yako, kumi na nne,
pamoja na ule ufa kama mkia wa mjusi,
usije ukasema umezaliwa wewe ukiwemo ndani,
nami nisije nikasema umeuzaa wewe.

Soma nisikie.
Unasoma taratibu, kama mtu anayepima dawa ya mtoto.
Ndiyo kazi yako, ulisema, Ligula, wodi ya wazazi.

Mbona umenyamaza?
Unatazama juu.
Unaniuliza ile boriti ya tatu,
inayomwaga unga sakafuni mithili ya unga wa muhogo,
mchwa wake ni wa nani.

Marehemu Chilumba angesema, mpangaji huyu ana mdomo.
Mimi nimesikia bati likivunjika tena.
Kurasa nne nimejichimbia handaki,
nimehesabu kila atakachoangusha mwenzangu,
juu sikutazama.

Lete kalamu. Hili naandika mwenyewe,
kwa mwandiko wangu wa ngumbaru, ulale ulalavyo:
*Boriti ya tatu ni ya Somoe binti Likwata.
Itatolewa kabla mpangaji hajatandika godoro.
Ikimwangukia, ni mimi.*

Limeniuma kidogo neno hilo la mwisho,
halafu limeacha kuuma.

Tia saini. Kesho twende wote kwa mwenyekiti akagonge muhuri.
Ufunguo sikupi mpaka fundi ashuke.
Leo nakupa ming'oko, ile pale, imeiva,
menya, chovya chumvi, ule taratibu.
Ina nyuzi, humkwama mtu kooni.
Nimekwambia.
Umesikia? Kuku wangu hawa mashahidi,
nimekwambia.